Asali Iliyoganda Kitura

Hapa Liuli ninapoishi, mafuta ya mgando hayagandi. Ukifungua kopo saa nane mchana unakuta yamekuwa uji. Nilipokuwa bado mgeni, bibi harusi wa juzi, nililirudisha kopo dukani nikiwa nimefura, nikamwambia mwenye duka kwamba ameniuzia mafuta mabovu. Alinicheka mbele ya wateja wake. "Dada, wewe umeshuka lini kutoka kule juu Umatengoni?" Nilirudi nyumbani nimenuna, tena kwa muda mrefu, maana kati ya wanawake wote wa ufukwe huu mimi ndiye nisiyepaswa kufanya kosa hilo. Ndoa yangu ilikuwa imeponea chupuchupu kwa sababu ya jambo hilohilo: kitu kinachokuwa kigumu kule juu na kumiminika huku chini.

Kitura, nilikozaliwa, kila kitu kilikuwa kigumu asubuhi. Mafuta ya kupikia yaliganda kwenye kopo hadi tuyachimbe kwa kijiko. Mafuta ya nguruwe yalikuwa meupe na imara, unaweza kuyakata kwa kisu na kumgawia jirani kipande. Sabuni ilikataa kutoa povu mpaka maji yapashwe moto. Mwezi wa sita na wa saba, ukiongea nje, maneno yanatoka na moshi, na sisi watoto tulikuwa tunajifanya tunavuta sigara. Hakuna aliyekwenda shambani alfajiri. Tulikaa jikoni tumeyazunguka mafiga mpaka jua lipande juu ya ngoro, yale mashimo tunayolima kwenye miteremko, ndipo tunatoka kwenda kwenye kahawa.

Ninaikumbuka baridi ile kwa mapenzi ambayo mume wangu hayaelewi. Yeye akipanda Mbinga kwa siku moja tu anatetemeka hadi anasahau adabu. Mimi nikikumbuka harufu ya kuni mbichi, kikombe cha bati kinachounguza vidole huku mgongo ukiwa baridi, na ukungu uliolala mabondeni hata usione mti wa kahawa ulio mbele yako, roho inaniuma. Baba alikuwa akisema ukungu ule ni maji ya Ziwa Nyasa yaliyopanda kuja kutusalimia, na kwamba jua likiwaka yanarudi kwao. Sijui alilitoa wapi, lakini nililiamini na bado naliamini.

Baba na mimi tulikuwa tumebaki wawili. Mama alikuwa amefariki, kaka zangu walikuwa wameoa na kuhamia Songea, dada yangu alikuwa ameingia utawa. Mimi ndiye niliyepika, niliyechuma kahawa pamoja naye, niliyemkumbusha kunyoa ndevu kabla ya misa ya Jumapili. Tuligombana kila siku na hatukuchokana. Alikuwa mtu mkali, na ukali wake nimeurithi mimi, kama wanavyojua watu wa nyumbani kwangu.

Sasa niseme habari ya sukari. Miaka ya uhaba, nilipokuwa mtoto, sukari tuliisikia kwa jina. Ikifika duka la ushirika inaisha kabla habari hazijatufikia. Chai tulikunywa kwa asali, na asali ikikaa kidogo katika nyumba yetu inaganda, inakuwa nyeupe na chengachenga. Baba hakushangaa hata mara moja. Alisema, "Imepigwa na baridi," akaisogeza karibu na mafiga, na baada ya muda ikamiminika tena. Ilikuwa kazi ya kawaida, kama kupasha maji ya kuoga.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Maduka ya Mbinga yakajaa ghafla: sabuni za rangi, betri za redio, biskuti, mitumba, na sukari, magunia kwa magunia. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda na magari yao hadi vijijini. Watu walifurahi, na watu walianza kuibiwa kwa njia ambazo hawakuzijua. Siku moja baba alinunua asali sokoni Mbinga, akaifungua nyumbani, kumbe ni sukari iliyochemshwa na kutiwa majani ya chai ili ipate rangi. Alikasirika mno. Msimu mzima alikuwa akiwasimulia wageni habari hiyo kabla hata hawajakaa vizuri.

Lakini ruksa ndiyo iliyomleta pia mume wangu. Alikuwa kijana wa Liuli, akipandisha usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, kuwauzia wachumaji wa kahawa na kushusha maharage. Alikuwa mweusi wa jua, mwenye kicheko cha kusikika soko zima, tena Mwanglikana, na alivaa sweta mbili kwa pamoja hata siku ambazo sisi tulikuwa tunaona joto. Nilianza kwa kumcheka, nikaishia kumpenda. Kila siku ya soko nilikuwa na sababu ya kununua usipa, mpaka baba akaniuliza kama nimefungua mgahawa.

Mvua za masika zilipokuwa zinaishia, kijana alimtuma mshenga. Mshenga alikuja na chupa kubwa ya kioo iliyojaa asali, imezibwa kwa kigunzi cha muhindi na kupakwa nta. Asali ilitoka Liparamba, kwa wajomba wa kijana, watu wenye mizinga yao porini, na waliirina wenyewe kwa ajili ya posa hiyo. Niliiinua chupa juani. Ilikuwa na rangi ya chai kavu, na ukiinamisha chupa ilisogea taratibu, kama mtu mzima anayeinuka kitini.

Baba aliipokea, akashukuru, akaifungia sandukuni chini ya kitanda chake. Katika ukoo wetu zawadi ya namna hiyo haiguswi mpaka mkubwa wa ukoo aionje. Mkubwa wa ukoo alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, naye aliishi mbali na hakusafiri mpaka amalize kuchuma kahawa yake. Akionja na kusema ni njema, mazungumzo ya kuoa yanaanza. Akikataa, mshenga anarudishiwa chupa na habari imekwisha. Kwa hiyo asali yangu, maana mimi niliihesabu kuwa yangu, ililala sandukuni kipupwe chote, katika chumba kisichoona jua.

Baba mkubwa alifika mwezi wa nane. Wazee wachache wa ukoo waliitwa. Baba alitoa chupa, akang'oa kigunzi, akaiinamisha juu ya bakuli. Hakikutoka kitu. Akaitikisa. Akapiga kitako cha chupa kwa kiganja. Kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na wote tukaona: asali ilikuwa nyeupe, imeshikana, chengachenga tupu kutoka chini hadi shingoni.

"Sukari," alisema baba.

Baba mkubwa alichokoa kidogo kwa njiti, akatafuna, na tukasikia ikilia menoni kama mchanga. "Sukari," akasema naye, ila kwa sauti ya unyonge, sauti ya mtu asiyetaka kugombana na mwenye nyumba.

Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni, mahali ambapo msichana anayeposwa anapaswa kukaa kimya. Sikukaa kimya.

"Baba, si imepigwa na baridi? Si wewe mwenyewe ulikuwa unatuambia hivyo?"

"Zamani hizo," alijibu bila kunitazama, "hapakuwa na sukari ya kuchanganya."

Jibu lilikuwa na akili, na hilo ndilo lililoniuma. Ni kweli, miaka ile nani angechanganya asali na sukari? Sukari yenyewe ungeipata wapi? Asali ilikuwa inaganda vilevile, baridi ilikuwa ileile, lakini sasa maduka yalikuwa yamejaa, na kitu tulichokijua tangu utotoni kilikuwa kimegeuka ushahidi wa wizi.

Wazee walipoondoka nilitaka kuisogeza chupa kwenye mafiga. Baba alininyang'anya. "Na sukari nayo ukiipasha moto inayeyuka," alisema. "Hutathibitisha kitu hapo." Nalo hilo lilikuwa kweli. Nililia hadi macho yakavimba, kisha nikampikia ugali mbichi kwa makusudi, siku hiyo na kesho yake, naye akaula wote bila kulalamika. Ningejua kusoma watu wakati ule, ugali ule ungeniambia jambo. Baba hakuwa mtu wa kula ugali mbichi akanyamaza.

Kijana alipanda kuja kujieleza, baba akakataa kumwona. Alituma neno tu kwamba atashuka mwenyewe hadi Liuli, airudishe chupa mikononi mwa wazazi wake, mbele ya watu. "Na wewe utakwenda nami," aliniambia. "Uwaone kwa macho yako watu unaotaka kwenda kuishi nao."

Tulishuka mwezi wa kumi, kahawa ikiwa imeshauzwa na joto la ziwani likiwa limeiva. Tulipata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara wa maharage. Lilikuwa lori la zamani, injini yake imo ndani ya kebini, kati ya dereva na abiria, imefunikwa kwa bati na gunia juu yake. Mimi niliwekwa katikati, magoti yangu yakigusa bati hilo. Baba alikaa dirishani, amevaa kabuti lake la mitumba, zito, la sufu, fahari ya misa zake za Jumapili.

Hatukuwa tumeanza kuteremka vizuri alipolivua. Aliifunga chupa ndani yake, tabaka juu ya tabaka, akaliweka furushi juu ya gunia la injini mbele yangu. "Ishike isivunjike," aliniagiza. "Nataka ifike kama ilivyo."

Anayeijua barabara ya kwenda Mbamba Bay, kule ziwani, anajua kwamba unashuka na hewa inabadilika kama unayefungua milango ya nyumba kubwa, mmoja baada ya mwingine. Kwanza unavua sweta. Kisha unafungua dirisha. Kisha unagundua kwamba kufungua dirisha hakusaidii. Mafuta niliyojipaka kichwani asubuhi kwa kuyachokoa na kijiti yalianza kunitiririka kwenye paji la uso, nikawa nayafuta kwa ncha ya khanga. Chini ya gunia injini ilikuwa inanguruma na kutema joto, nami niliona uonevu mtupu: nimepokonywa mchumba, halafu naokwa.

Kwenye kona moja kali, nikiwa nimelishika lile furushi, nilihisi kitu ndani yake kinasogea.

Nilidhani ni mkono wangu umeteleza. Kona iliyofuata kikasogea tena, upande wa pili, taratibu, kizito, kwa adabu zake. Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama nje, anafuta jasho, anamwuliza dereva jinsi watu wa huku wanavyoweza kulala. Nililikumbatia furushi nikalibana vizuri juu ya bati, na nikaanza kusali rozari kimoyomoyo. Sikuwa nimesali kwa bidii ile tangu komunyo ya kwanza.

Mbamba Bay lori lilisimama muda mrefu kwenye jua likipakua maharage. Baba alishuka kutafuta kivuli. Akaniambia nami nishuke nipunge upepo. Nilimwambia nimechoka, nikabaki ndani ya kebini peke yangu na furushi langu, nikiwa nimeloa jasho hadi miguuni, na nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Liuli tulifika alasiri. Wazazi wa kijana walitupokea kwa heshima zote, wakatutandikia mkeka barazani, na harufu ya samaki mbasa wa kuchoma ilikuwa inatoka jikoni. Maji ya kunawa yaliletwa. Baba aliyasukuma pembeni, na nilitamani ardhi inimeze.

"Sikuja kula," alisema. "Nimekuja kurudisha kitu. Mlitutumia sukari mkaiita asali, nayo imegeuka jiwe. Leteni sahani. Nitaigeuza chupa hii chini juu mbele yenu, na halitatoka hata tone."

Mama wa kijana ndiye aliyekwenda kuleta sahani. Wajomba waliorina ile asali walikuwa kaka zake, wa tumbo moja. Aliiweka sahani mbele ya baba na akakaa. Kijana alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona hana hata dalili ya kicheko.

Baba alilifungua kabuti. Hakuitazama chupa, alikuwa anawatazama wenyeji wake, mmoja mmoja, anataka kuwaona wakiaibika. Akang'oa kigunzi. Akageuza.

Asali ilimiminika. Ilitoka ya rangi ya chai kavu, inang'aa, ikajaa sahani, ikafurika kwenye mkeka, ikamchuruzikia baba kwenye goti la suruali, naye bado ameishika chupa chini juu na anawatazama watu. Ni mimi niliyesema, "Baba, chupa." Ndipo akaiinua.

Hakuna aliyecheka. Baba wa kijana alikohoa kidogo. Mama yake akasema kwa upole, bila kejeli yoyote, na upole huo sitausahau: "Huko kwenu kuna baridi, mzee wangu."

Nilijua kwamba mambo hayajaisha. Namjua baba. Bado alikuwa na neno lake, lile aliloniambia jikoni, kwamba hata sukari ukiipasha moto inayeyuka. Na alikuwa na zaidi ya hilo. Aliinua chupa kwenye mwanga kuitazama, na kule chini kabisa, kwenye kitako, mlikuwa na tabaka jeupe ambalo halikuyeyuka, chengachenga zimeshikana, unene wa kidole. Mimi nililiona kwa kuwa nilikaa ubavuni pake. Waliokuwa mbele yake walikuwa wanatazama sahani. Angeweza kuwageuzia chupa akasema, "Hii hapa sukari yenu," na nani angembishia? Angeondoka na ushindi wake na mimi nyuma yake.

Alinitazama. Sijui uso wangu ulikuwaje. Nadhani ulikuwa uso wa mtu anayezama. Kisha akakikumbatia kitako cha chupa kwa kiganja chake kikubwa, akaishusha taratibu juu ya mkeka, na hakukiondoa kiganja.

"Nimekosea," alisema. "Asali ni njema. Mniwie radhi, na mtuletee chakula. Tukishakula tuzungumze habari za hawa watoto."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la watu nisiowajua, kwa sauti, bila aibu. Kuku walinikimbia.

Asubuhi tuliambiwa lori litapakia usipa na kuondoka mapema. Nilimkuta baba ufukweni. Alikuwa amekunja suruali na kuingia ziwani hadi nusu ya miundi, anasugua ile asali ya kwenye goti. Ziwa lilikuwa limetulia na upande wa pili haukuonekana. Nilimwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Maji haya ni ya vuguvugu," alisema, kama anayemshitaki mtu. "Hata kunawa uso hayafai."

Nilisimama mchangani nikamngoja amalize. Hakuwa anamaliza. Doa lilikuwa limekwisha toka na bado alikuwa anasugua.

"Uliona kule chini ya chupa," alisema.

"Niliona."

"Mimi si mjinga, mwanangu. Asali iliyopigwa na baridi naijua kabla wewe hujazaliwa. Niliijua siku ileile, kabla kaka hajachukua njiti."

Hasira zilinipanda zote kwa pamoja, za mwezi wa nane, za ugali mbichi, za injini. "Sasa kwa nini, baba? Kwa nini ulitutesa hivi?"

Alinyoosha mgongo. Alitazama majini, si kwangu.

"Nilitaka iwe sukari," alisema. "Ingekuwa sukari, ungerudi nami nyumbani."

Nilimpa neno lililokuwa wazi mbele yetu.

"Lakini narudi nawe, baba. Lori linatusubiri sote wawili."

Alitoka majini, akainama kukunjua suruali yake, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Ndiyo," alisema. "Leo."